Pilau ya Uhuru Iliyongoja Magharibi

Kwa miaka kumi na mmoja Siwema binti Mtoro alikuwa mpishi wa pilau ya Uhuru pale Kibaoni. Ifakara nzima ilimjua kwa mkono wake wa viungo, na kwa masufuria yake manne makubwa ambayo kila kamati iliyaazima na kuyarudisha na masizi.

Mwaka tisini na tisa mfungo wa Ramadhani uliangukia juma lile lile la sikukuu. Siwema akamwendea mapema Kassian, mwenyekiti wa kamati ya sherehe, akamwamkia, akamwomba chakula kisogezwe hadi magharibi ili watu wale pamoja. Kassian hakuinua hata macho. Alisema wageni wa wilayani watakula saa saba mchana, na kwamba sherehe ni ya serikali, haina dini.

"Ninyi mliofunga mtafungashiwa chenu, mkale majumbani," akamaliza. "Wewe pika tu, mama."

Siwema alitoka pale. Kupika akiwa amefunga hakukumtisha, alikwisha kupika hivyo mara nyingi. Kilichomchoma ni kupewa Uhuru kwenye mfuko kama mpita njia, yeye ambaye baba yake alivusha watu bure kwa mtumbwi pale Kivukoni siku bendera ilipopandishwa.

Akakumbuka Siku ya Wanawake ya mwaka tisini na sita, iliyoangukia Ijumaa ya Kwaresima. Ng'ombe alikwisha nunuliwa. Ni yeye aliyesema Wakatoliki hawali nyama siku hiyo, akadamka kwenda Kivukoni kutafuta samaki. Hakuna aliyemwambia Verediana, mpishi mwenzake, kwamba atafungashiwa nyama yake aile Jumamosi.

Akamsimulia Verediana yote. Verediana, Mpogoro wa Mahenge asiyekosa misa, alisikiliza hadi mwisho, kisha akafuta mikono kwenye kanga.

"Basi moto hauwaki, dada. Tuone atapika nani."

Siku yenyewe mafiga yalikaa baridi. Wapishi saba walikalia mkeka, masufuria yamepinduliwa. Kassian alifoka, akabembeleza, akatishia kuita mgambo. Hakuna aliyeinuka. Wageni wakanywa soda, wakaaga. Saa nane Kassian akasalimu amri: haya, iwe magharibi.

Adhana ilipolia watu walikaa sinia kwa sinia, tende zikapita mpaka kwa masista. Ndipo Kassian akashika kipaza sauti, akatangaza kuwa kamati, kwa ukarimu wake, imewafikiria ndugu Waislamu.

Siwema alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha, akasimama.

"Hukutufikiria, mwenyekiti. Tumekulazimisha. Na mwakani Uhuru utatukuta tumefunga tena, kwa hiyo anza kufikiria leo."

Baadhi walinong'ona kwamba angeshukuru tu, yaishe. Hakushukuru. Alikaa, akamsogezea Verediana nyama nono, akaanza kula.