Nilimwambia Daktari Mama Mkwe Amechanganyikiwa

Admin, nifiche. Nina miaka thelathini na sita, nililelewa Nairobi, nimeolewa hapa Juba, naishi mtaa wa Gudele. Mume wangu anafanya kazi mbali, mji wa Malakal, kwa hiyo nyumbani nilibaki na watoto na mamake, mgonjwa wa kisukari.

Kuna daktari kijana wa mtaa anayepita nyumba kwa nyumba kuwaangalia wazee. Mama alimwamini kuliko sisi wote. Siku yake ya kuja alioga mapema, akavaa gauni la kanisani, akamngoja mlangoni. Mimi nilikuwa nimemchoka huyo mama. Nikikasirika nilimnyima chakula. Siku moja akamwambia daktari, "Huyu ananinyima chakula. Jana mimi nililala njaa."

Daktari akaniuliza. Nikamvuta kando, nikatoa machozi. "Daktari, mama amechanganyikiwa. Anakula, halafu anasahau." Akaandika hayo kwenye kadi ya mama ya matibabu. Tangu hapo habari za mama aliniuliza mimi, mama mwenyewe akiwa amekaa pale pale.

Mwezi uliofuata mama akamwambia, "Daktari, mguu yangu inanuka. Fungua, angalia." Alikuwa ameufunga kitambaa. Mimi nilijua kuna kidonda, na nilijua nitaulizwa kwa nini nilinyamaza. Nikacheka. "Ndiyo hayo mambo yake." Daktari akampapasa bega, "Maleshi, haboba, pole bibi, utapona," akaenda zake. Hakufungua.

Baada ya wiki mbili, hospitali iliukata mguu chini ya goti.

Mume wangu alirudi. Mama akamweleza yote. Mume wangu akanishika mkono: "Mvumilie tu. Hata kadi inasema amechanganyikiwa."

Sasa wazee wa mtaa wamesikia, hawamfungulii daktari mlango. Alikuja kwetu akapiga magoti, "Mama, kosa ni langu, sikukusikiliza." Mama akageukia ukuta. Alipotoka nikampelekea mama uji. Akaniambia polepole, "Wewe, roho yako mimi najua zamani. Wewe hukuniumiza. Yule ndiye niliamini."

Mume wangu ameandika barua daktari afukuzwe kwa kutoufungua ule mguu, anataka niweke sahihi kama shahidi. Nikisema ukweli, ndoa imeisha na watoto watabaki kwa ukoo wa baba yao. Nikiweka sahihi, namzika kijana asiye na hatia kubwa kama yangu. Kesho asubuhi barua inapelekwa.

Nitukaneni mkitaka, lakini mnijibu leo: niweke sahihi, au niseme?