Sauti Iliyokuwa Ikijifuta

Shemeji yangu ni fundi cherehani, na katika maisha yake hajawahi kutupa kitu. Vipande vya kitambaa visivyotosha hata kuziba tundu la mfuko anavikunja na kuvipanga kwenye maboksi. Karatasi alizokatia magauni ya watu waliokwisha kunenepa, kukonda, wengine hata kufa, zimetundikwa ukutani kwa misumari. Mtaa mzima unamwita Fundi. Hata mke wake, ambaye ni mdogo wangu wa tumbo moja, alimwita Fundi mpaka siku ya mwisho.

Nyumba yao ni ndogo. Chumba cha mbele ndicho karakana, cha nyuma ndimo mdogo wangu alimolala alipougua moyo, na katikati pana ukuta mwembamba, hata mtu akikunja gazeti upande wa pili unamsikia. Alifariki mchana kweupe, Fundi akiwa kazini hapohapo mbele. Watu walipokuja msibani na kuuliza ilikuwaje, aliwajibu wote jibu moja: "Alilala tu. Hakuita mtu." Tulishukuru Mungu kwa hilo. Msiba ni msiba, lakini mtu kuondoka bila kuhangaika ni afueni kwa wanaobaki, nami niliishika kauli ile kwa mikono miwili.

Kilichobaki ni simu yake. Mikono ilipokuwa ikimtetemeka asiweze kuandika, mdogo wangu alizoea kujirekodi sauti, kisha jioni binti yake ananitumia. Salamu za siku ile hazikutumwa. Fundi alizikuta baadaye, akawa ananiwekea nizisikilize kila nikienda: "Dada, hujambo? Leo naona afadhali. Fundi kaniletea chai, kaitia chumvi badala ya sukari. Nimeinywa hivyohivyo, maana nikimwambia atashona kwa hasira, nguo ya mtu ipinde." Halafu anacheka, kicheko chake kile cha puani. Hapo Fundi anabonyeza, sauti inakatika. Nilipomwambia kwamba rekodi inaonyesha bado inaendelea, alisema huko mbele hakuna kitu, simu ilisahauliwa tu ikiwa imewashwa.

Basi siku moja betri ya simu ile ikavimba mpaka mgongo wake ukaachana na kioo. Fundi alinipigia simu kana kwamba mke wake amezidiwa upya. Betri ilibadilishwa, simu ikawaka, lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hakutulia mpaka aliponunua kisanduku cha kuhifadhi.

Kisanduku chenyewe kilikuwa na ukubwa wa mkate, cheusi, ndani yake diski mbili, ili moja ikifa nyingine ibaki na kila kitu. Jirani yao mmoja mwenye kitambi, anayetengeneza kompyuta, alikuja kukifunga. Walikiweka juu ya kabati chumba cha nyuma, wakakiunganisha kwa waya na ruta ya intaneti. Fundi hakukubali waya uninginie. Alipiga mstari wa chaki ukutani kwa rula yake ya kukatia nguo, akaupitisha waya juu ya mstari ule, umenyooka kama pindo la suruali. Nilimtania kwamba amemfungulia marehemu benki. Hakucheka.

Kazi ya kisanduku ilikuwa rahisi kuelewa, hata kwa mtu kama mimi. Kila simu ya nyumba ile, yaani ya Fundi, ya binti yake na ya marehemu, ilipewa jina lake, na kila picha au sauti mpya ilijipeleka yenyewe kwenye kisanduku bila mtu kubonyeza chochote. Jirani alishauri mambo yaishie hapo. Fundi akakataa.

"Mimi nikipoteza mkono wa shati, nachukua karatasi yangu ukutani nakata mwingine," alisema. "Na hiki nacho kifanye hivyo. Kitu kikifutika kwenye simu, kikirudishe."

"Fundi, kuna vitu mtu anafuta kwa kutaka mwenyewe."

"Humu ndani hakuna anayetaka kufuta."

Mwenye mali kasema, jirani akakipanga kama alivyoambiwa. Kitu kikifutwa, asubuhi yake kisanduku kinakirudisha, na Fundi anapata ujumbe kwenye simu yake.

Haikupita muda ujumbe ukaja. Faili moja limefutwa kwenye Simu ya Mama. Limerudishwa. Akadhani ni hitilafu ya mwanzo mwanzo. Siku chache baadaye ukaja tena, na baada ya hapo tena na tena. Maelfu ya picha yalikuwa yametulia mle ndani, ya harusi, ya watoto wa majirani, hata ya vitambaa, na hakuna iliyoguswa. Lililokuwa likifutika ni faili lilelile moja, salamu zake za mwisho kwangu.

Jirani alikuja kuchunguza, akatazama kompyuta yake, akajikuna shingo. "Iliyofuta ni simu yenyewe ya mama," alisema. "Imefunguliwa kwa namba zake za siri, ikafuta." Hata chai aliyokaribishwa hakuimaliza.

Kuanzia hapo nyumba ile ilinitisha, nasema wazi. Kisanduku kilikuwa na tabia ya kukaa kimya, kisha ghafla diski zinaanza kukwaruza ndani, krr, krr, kama panya kwenye dari, bila mtu yeyote kukigusa. Niliwahi kukaa chini yake peke yangu mchana, kikaanza, nikahamia karakana. Fundi ndiye aliyeharibika zaidi. Alikuwa akisimamisha cherehani katikati ya mshono, anainua kichwa, anasikiliza. Wateja walianza kurudisha nguo zilizopinda. Simu ya mke wake aliihamishia juu ya mto aliokuwa akilalia, na nilimsikia kwa masikio yangu akiiomba radhi.

"Shemeji," aliniuliza, "mtu akifa anaweza kukataa kuhifadhiwa?"

"Acha kufuru."

"Ananinyima sauti yake. Ya mwisho, tena hiyo tu. Anajua anachofanya."

"Aliyekufa hana kidole cha kubonyezea simu."

"Basi nani?"

Binti yake sikumfikiria hata mara moja. Tangu msiba alikuwa hataki kuitazama simu ile. Ikiwekwa mezani, yeye anahamia jikoni.

Alasiri moja nilipita kuwajulia hali. Karakana ilikuwa wazi na cherehani kimya, Fundi alikuwa ameenda kununua uzi. Nikaingia mpaka nyuma. Binti alikuwa amesimama kando ya kitanda, simu ya mama yake mkononi, kidole kikienda juu ya kioo bila kusitasita, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea.

"Kumbe ni wewe," nilisema. "Baba yako anakonda, anazungumza na mito, kumbe jini lenyewe ni wewe."

Alishtuka, lakini hakujitetea. "Mama Mkubwa, usimwambie."

"Nisimwambie? Sauti ya mama yako ndiyo iliyobaki, nawe unaifuta kama uchafu! Una moyo gani?"

Niliendelea hivyo, na mimi nikishika kasi sina breki, mpaka nikamwona anatazama nyuma yangu. Fundi alikuwa mlangoni na mfuko wake wa uzi. Alikuwa amesikia.

Hakumkaripia. Aliuliza polepole, "Kwa nini, mama?" Ndivyo alivyozoea kumwita tangu akiwa mdogo.

"Baba, wewe huwa unasikiliza mpaka pale anapocheka. Endelea kuishia hapo. Nakuomba."

Mtu mwenye busara angeelewa na kunyamaza. Mimi nilikuwa na hasira, na salamu zile zilirekodiwa kwa ajili yangu. Nikamnyang'anya simu. Faili lilikuwa bado halijafutwa. Nikabonyeza. Tukamsikia akisalimu, chai ya chumvi, nguo ya mtu ipinde, kicheko. Fundi alinyoosha mkono akate kama kawaida yake. Nikauzuia.

Baada ya kicheko palikuwa na pumzi. Pumzi nzito, zenye kukwama, na kitanda kikilia. Nyuma ya pumzi, kupitia ukuta ule mwembamba, cherehani ilikuwa ikienda.

"Fundi," alisema mdogo wangu.

Cherehani ikaendelea.

"Fundi, njoo."

Cherehani ikasimama. Kukawa kimya, kimya cha kutosha mtu kuvuta kiti na kuinuka. Nilijikuta nimeinama kuielekea simu, namngojea aingie. Kisha cherehani ikaanza tena. Ukuta uligongwa, taratibu, kwa ngumi isiyo na nguvu, kisha haukugongwa tena. Mashine ilikwenda mshono mrefu mzima bila haraka, ikakata uzi, ikashika mwingine, na pumzi zilikuwa zimekwisha.

Nilitamani nisingebonyeza. Mpaka leo natamani hivyo.

Binti alikuwa akilia bila sauti. "Niliisikia siku ileile ya msiba," alisema. "Nilikuwa natafuta picha ya kuwapa wageni. Ulipokuwa ukiishia kwenye kicheko niliiacha, lakini kisanduku kilipokuja kuitunza milele, nikaogopa siku moja utaisikia yote. Baba, nilitaka usijue. Nilijua ukijua utaacha kushona, utaacha kula, na mimi nilikuwa nimeshabaki na mmoja tu."

Fundi aliketi kitandani, mfuko wa uzi mapajani.

"Nilijua," alisema.

Hatukumwelewa.

"Niliposimamisha mashine nilikuwa nimemsikia. Nilikuwa nimebakiza pindo la gauni la bibi harusi, na mwenyewe alikuwa njiani kulichukua. Nikasema nimalize pindo hili, ndipo niende. Alikuwa ananiita mara nyingi kwa siku, shemeji. Maji, mto, dirisha. Nikasema hataharibikiwa na kitu kwa pindo moja." "Sikujua tu kama simu nayo ilisikia. Niliogopa kufika huko mbele nikakuta imesikia."

Binti alijifuta uso kwa mgongo wa mkono, akaichukua simu kutoka kwangu.

"Basi niifute kabisa, baba. Nitamwita jirani aitoe hata kwenye kisanduku. Iishe."

Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kioo. Fundi akaushika mkono wake, akaufunika kwa wake, akaushusha.

"Usiifute, mama," alisema. "Ikifutwa, nitabaki nayo peke yangu."