Taa Niliyoomba Iinuliwe

Shule niliacha darasa la tatu, kwa hiyo maneno ya taa nimeyajua uzeeni, na aliyenifundisha ni fundi wa stima, msichana wa umri wa wajukuu wangu. Lakini kwanza nieleze kazi yangu, maana bila hiyo kosa langu halitaeleweka.

Bichi yetu ya wavuvi iko kando ya ziwa, upande wa Asembo Bay. Njia ya mashua kuingia ni nyembamba, katikati ya mawe mawili ambayo maji huyafunika. Magoti yangu yalipokataa kuvua nilipewa kazi ya lantani. Kabla hakujapambazuka nasimama mchangani, mkabala na ile njia, nimeinua lantani ya mafuta ya taa. Nahodha akiilenga, anapita. Miaka mingi nimefanya hivyo. Si kazi ngumu, ila baridi ya alfajiri inaingia kwenye mifupa, na mimi napenda kulala. Hata nilipokuwa kijana nilipenda kulala, marehemu mama alikuwa akinimwagia maji.

Basi ikaja taa ya mulika mwizi. Akina mama ndio walioiomba, mke wangu mbele yao, kwa sababu walikuwa wakipokea omena, wale dagaa wa ziwani, gizani, wanakanyagana, na karai la huyu linaondoka na yule. Ikasimamishwa nguzo ndefu yenye vichwa vinne vya taa. Yule fundi akapanda, akavielekeza vyote chini, kwenye mchanga.

Kamati ya bichi ilikuwa imekwenda kunywa chai. Nikabaki mimi na yeye.

“Nyathina, mwanangu,” nikamwita, “inua hivyo vichwa vitazame ziwa.”

“Mzee, kamati imesema hivyo?”

“Imesema.”

Haikuwa imesema. Mimi niliwaza kwamba mashua zikiona mwanga mkubwa kutoka mbali, hakuna haja ya mzee kusimama na lantani. Akainua. Jioni hiyo lantani nikaitundika jikoni, na kesho yake nikalala mpaka jua likatoka. Nililala vizuri, sitadanganya.

Wadudu wa ziwani ndio waliofurahi zaidi. Walizunguka ile nguzo kama moshi, kisha wakaanguka kwenye nyavu za kuanikia, na mke wangu akawa anafagia wadudu kwanza ndipo amwage omena. “Taa hii imekuja kulisha hawa,” alisema.

Haikupita muda, mdogo wangu akagonga jiwe. Yeye ni nahodha, na omena wote ambao mke wangu anaanika hutoka kwenye mashua yake. Ubao wa chini ulipasuka, omena wa usiku mzima wakamwagika. Hakuna aliyeumia, maji ya hapo yanafika kifuani tu. Alitembea mpaka nchi kavu, shati linachuruzika, mkono mmoja umekinga macho.

“Nani ameleta jua hapa?” akauliza. “Sikuona jiwe, sikuona maji. Hata mikono yangu sikuiona! Hii kitu izimwe. La sivyo, giza lijalo nashusha omena wangu bichi ya Luanda Kotieno.”

Giza, kwetu, ni zile siku ambazo mwezi haupo. Omena hufuata taa za mashua wakati huo tu. Mwezi ukijaa watu hukaa nyumbani kushona nyavu.

“Ukishusha huko, shemeji, mimi nitaanika nini?” mke wangu akasema. “Nguo?”

“Uliza taa yako.”

“Taa haizimwi. Unataka turudi kuibiana makarai?”

Kamati ikakaa, na lawama yote ikamwangukia fundi, kwamba amefunga vibaya. Akaitwa. Alisimama mbele ya watu wazima wote wale akanitazama mimi. Nikakohoa.

“Aliambiwa na mimi,” nikasema. “Nilitaka kulala.”

Mdogo wangu akageuka. “Ulitaka kulala?”

“Ndiyo.”

“Si ungelala tu, lantani ukampa mtu?”

Mama mmoja akapiga makofi: “Jaduong', mzee wetu, sasa utalala ukiwa umesimama!” Wakacheka wote, isipokuwa mdogo wangu.

Jioni taa zilipowaka, fundi akatuingiza mimi na mdogo wangu majini mpaka magotini, tutazame bichi. Sikuona kitu ila weupe. “Wekeni kiganja juu ya macho, kama mnazuia jua,” akasema. Nikaweka, na yale mawe yakaonekana, meusi chini ya maji. “Hiyo ndiyo kofia ya taa.” Mwanga unaokupiga machoni akauita mng'ao. Unaofika usikotakiwa akauita mwanga unaomwagika. Kisha akatuonyesha anga upande wa Kisumu, jinsi lilivyokuwa jekundu kama mtu anachoma shamba, akasema ni taa za mji, na huo ni uchafuzi wa mwanga. Nikacheka. Uchafu wa ziwa niliojua mimi ni magugu na chupa za plastiki.

Kesho yake akavishusha vichwa na kuvivika kofia za bati. Mchanga ukabaki mweupe, maji yakarudi meusi. Mdogo wangu alitazama, akaenda zake bila kusema atashusha wapi.

Giza lilipofika nilitoa lantani jikoni, nikasimama pale pangu. Mke wangu alikuwa tayari ndani ya maji na karai lake. Mashua mbili zikaingia, wala moja si ya mdogo wangu. Taa ya mashua moja ilibaki mbali, ikielekea upande wa Luanda Kotieno, na mimi na mke wangu tukaitazama. Ikakaa. Ikageuka.

“Shika vizuri!” sauti ya mdogo wangu ikatoka majini. “Inatetemeka!”

“Ni baridi!” nikajibu.

“Ni usingizi!”

Akapita katikati ya mawe.