Herufi Zangu Zenye Mikia

Chekeni tu, hata mimi ningecheka kama aibu yenyewe isingekuwa yangu.

Miaka ya tisini nilikaa Rodi Kopany, mji mdogo wa Wajaluo, mimi Mkuria wa Ntimaru, Kijaluo sijui, nikiandika majina ya marehemu kwenye misalaba ya mbao (kazi haikosekani, lakini nani anataka kunywa chai na mtu wa misalaba?). Kwa upweke nikabuni herufi zangu mwenyewe, nene, zenye vitambi, miguu imepinda, na kila moja ina mkia uliojikunja kama wa kinyonga. Jina fupi lilijaza msalaba mzima na lilisomeka hata ukiwa barabarani. Ikafika mahali watu wakiuona ule mkia wanajua kuna kilio, ila mimi mwenyewe sikuwa na habari.

Aliyenisalimia kwa jina ni Akinyi peke yake, msusi. Alipofungua saluni akaniomba ubao, moyo ukaruka, nikajiambia sasa nimepata mtu wa kuongea naye, basi badala ya herufi za kawaida nikampa zile zangu bora kabisa: AKINYI, nyeupe juu ya nyeusi, chini mwaka aliofungua, pembeni ua (ua! nani alinituma?). Neno saluni halikuingia, mikia ilimaliza nafasi.

Nikautundika mlangoni kwake asubuhi ya siku ya soko. Muuza nyanya akasoma, akashika mdomo. Mzee mmoja akavua kofia, akaingia kumuuliza Akinyi mwenyewe, bila kumjua, mazishi ni lini. Nikadhani ni utani, nikacheka. Kumbe kondakta mmoja alishabeba habari hadi Homa Bay, na kabla ya saa sita shangazi yake Akinyi akateremka kwenye matatu akipiga nduru, leso imemwanguka, akina mama wako nyuma yake.

"Uuwi! Akinyi nyathina! Mtoto wangu, umeniachia nani?"

Akinyi akatoka, kitana mkononi. Shangazi akarudi kinyumenyume mpaka akakalia nyanya za watu. Soko zima likaangua kicheko, lakini shangazi hakucheka, maana kwao kumlilia mtu aliye hai ni mkosi mkubwa.

"Nani ameandika hii?" akauliza.

Vidole vyote vikanielekea.

"Chacha, toa hiyo kitu," Akinyi akasema. "Na usikuje hapa tena, yawa." Hakupaza hata sauti, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Nikaubeba ubao kichwani katikati ya soko, watu wakinipisha njia. Herufi zile ni nzuri, bado nasema, kwa msalaba zinafaa, hata kwa tangazo la disko, lakini jina la mtu anayepumua sitaliandika nazo tena maishani. Ubao sikuutupa. Niliupigilia miguu ukawa meza, na muda wote niliobaki Rodi nilikula jioni peke yangu, sahani nikiiweka kando kidogo ili isifunike jina lake.