Mkono Uliozoea Kukung'uta

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Mama Mifuko alisimama mlango wa nyuma wa kituo na kushika mfuko mmoja wa kitambaa, akaupindua ndani nje, akaukung'uta hewani, pa, pa, vumbi na vinyoya vikaruka. Ndipo mfuko ulipoingia kwenye beseni, na mwingine ukafuata. Mkono wake ulikuwa umezoea mno. Nyumbani ukimpa foronya ya mto, anaipindua na kuikung'uta hata kama imetoka dukani, mpaka dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye, akawa anatandika kitanda mwenyewe ili apate amani.

Kituo chenyewe kilikuwa cha kuchunguza ndege wa porini: ni aina gani bado wanaishi kwenye matete ya ziwani, nani mzima, nani amekuja na ugonjwa. Watu wa nyavu walitega alfajiri. Ndege akinaswa, anatiwa ndani ya mfuko, maana gizani hutulia, halafu mfuko unatundikwa kwenye kulabu karibu na meza ya daktari. Daktari, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimpima ndege uzito, akamvisha pete mguuni, akamtia kijiti cha pamba mdomoni kutafuta magonjwa, kisha akamwachia dirishani. Mfuko ukaenda kwa Mama Mifuko. Hakuna ndege aliyetiwa kwenye mfuko wa mwenzake kabla haujafuliwa, wasije wakaambukizana. Kwa hiyo kazi yake ilikuwa na maana, ila ilimkera jambo moja. Ndege wote wale, yeye aliwajua kwa vinyesi tu.

Kituo kilipotangaza safari ya msimu mzima kwenye kinamasi kikubwa, ikajulikana kwamba mshika ndege mmoja wa mezani yuko likizo ya uzazi. Mama Mifuko alifuta mikono kwenye gauni, akaenda kwa daktari na kusema anataka nafasi ile. Daktari aliitazama mikono yake. Akamwambia aje mezani asubuhi ya safari. Akiweza kumtoa ndege mfukoni na kumshika vizuri mpaka vipimo viishe, atapanda gari. Asipoweza, beseni lake lipo.

Wiki hiyo nyumbani hakukukalika. Alijaza maharage kwenye soksi akaifanyia mazoezi, shingo ya soksi katikati ya vidole viwili, mwili umelala kiganjani, bila kubana. Alipika huku ameishika. Dada yake alimvumilia weee, mwisho akamuuliza kama mgonjwa wake wa soksi ameonyesha dalili za kupona.

Asubuhi ya safari ikafika. Ndege wa kwanza alikuwa shore wa kawaida, mkorofi, mwenye kudonoa. Mama Mifuko aliingiza mkono, akampapasa, akapata shingo, akamtoa. Alimshika akatulia kabisa, kijiti kikaingia na kutoka, pete ikafungwa. Mrefu, mkuu wa nyavu, ambaye alimwita shemeji kwa utani tu, akampigia saluti. Shore akaruka zake na dirisha likafungwa.

Hapo ndipo mmoja wa watu wa nyavu alipoingia akihema, mfuko ameukumbatia kifuani, akanong'ona kwamba wamempata kifua-chekundu. Chumba kizima kikasimama. Ndege huyo hakuwa ameonekana kwenye matete yale kwa miaka, na daktari mwenyewe alishaanza kuamini wamekwisha. Mfuko ukatundikwa. Daktari akakimbilia kunawa mikono, na bila kugeuka akasema, "Mama, niletee mfuko."

Mama Mifuko alikuwa amejaa furaha mpaka masikio yanavuma. Alishafaulu, gari lilikuwa nje, na sasa kifua-chekundu! Akautungua mfuko, akalegeza kamba, na mkono wake ukafanya kile ulichokifanya kila asubuhi. Ukaupindua.

Kitu chekundu kikampita usoni.

Mrefu alivua kofia na kuruka kumdaka, akagonga taa kwa kichwa. Daktari akasema kwa sauti ya chini kwamba hakuna kukimbiza, ndege akikimbizwa moyo wake hupasuka, na akavuta mapazia. Chumba kikawa giza. Mwanga ukabaki kwenye mlango mmoja tu, wa chumba cha kufulia, na ndege akaufuata.

Mama Mifuko akaingia nyuma yake, akafunga mlango. Alifikia dirisha dogo, akalishushia gunia. Sasa haoni kitu, ila alisikia mabawa yakitua mbele yake. Mbele yake kulikuwa na kamba ya kuanikia, imejaa mifuko ya jana. Alisimama mpaka pumzi yake ikatulia, kisha akaanza kupitisha kiganja juu ya vitambaa, polepole, kama anavyofanya akitaka kujua kipi kimekauka. Baridi. Baridi. Baridi na unyevu. Halafu kiganja kikagusa kitu cha moto, na ndani ya ule moto moyo ulikuwa ukidunda haraka kuliko cherehani. Vidole viwili vikapata shingo.

"Ninaye," akasema.

Alipotoka naye pazia moja lilifunguliwa kidogo. Daktari alimkagua ndege bawa kwa bawa, akachukua vipimo, akafunga pete, na muda wote ule mkono wa Mama Mifuko haukutikisika. Dirisha likafunguliwa. Kifua-chekundu akatoka kama cheche, moja kwa moja kwenye matete, na Mrefu akajikuta amemkumbatia daktari, akamwachia upesi.

Daktari akageuka. "Uliupindua mfuko."

"Niliupindua, daktari."

Daktari akautazama ule mfuko sakafuni. "Basi huko kinamasini mifuko atakung'uta Mrefu. Wewe utashika ndege tu."

"Shemeji, umeniponza," Mrefu akasema, huku anapapasa nundu ya taa.

Mama Mifuko alikuwa ameshageuka. Alirudi chumba cha kufulia na kuvuta begi la nguo nyuma ya pipa la maji, alikolificha tangu alfajiri bila kumwambia mtu, hata dada yake. Beseni lilikuwa na maji na povu, na mifuko ya jana bado ipo kwenye kamba. Aliitazama, mkono ukamwasha. Akauingiza mfukoni mwa koti.

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Alianza kwa kutembea kama mtu mzima, lakini gari lilipopiga honi akakimbia, begi likimpiga mapajani. Msimu ulipokwisha alikwenda na watu wa nyavu ziwa jingine, na baada ya hapo jingine tena. Mlango ule hakuupita tena.