Alama Mbili za Rais wa Kwanza

Nilitoka Kansay kwa sababu ya ujumbe wa simu. Nyie mnaonijua mtasema nilifuata nyama, na Mama Yosefu, mke wangu, alisema hivyo hivyo huku akinikunjia sweta. Lakini ujumbe huu hapa, sijaufuta: "Shikamoo Mwalimu. Kijiji chetu kimegawanywa na mimi ndiye mwenyekiti wa kwanza wa kijiji kipya. Zile changamoto za rais wa kwanza wa taifa jipya ulizotufundisha zimenifika zote, hata ile uliyonikosesha. Njoo unishauri. Halafu nakudai alama mbili." Aliyeandika ni Saning'o, kijana wa Kimaasai niliyemfundisha uraia darasa la saba, enzi zile nikiwa shule ya bweni pale Karatu. Sasa ni mtu mzima mwenye wake na watoto, na kumbe bado ana kinyongo cha mtihani.

Lile swali halikukosekana kwenye mtihani wangu hata mwaka mmoja: taja changamoto zilizomkabili rais wa kwanza wa taifa jipya, na maamuzi aliyopaswa kufanya. Majibu nilikuwa nayo kichwani: umoja, lugha, makao makuu, wataalamu, mipaka. Nimesahihisha mataifa machanga mpaka macho yakaharibika, nikastaafu, na bado hakuna aliyewahi kunipa hata kitongoji nikitawale. Leo nimeitwa kushauri. Mama Yosefu akaniuliza nitamshauri nini mtu mwenye kijiji kizima wakati mbuzi wangu watatu wanalala kwa jirani. Mimi nikaendelea kufunga viatu.

Karatu, saa moja asubuhi, nilimkuta mpwa wangu Paskali ananisubiri. Paskali ni dereva wa watalii, na siku hiyo alikuwa anakwenda na gari tupu kuchukua wageni Ololosokwan. Akaniketisha siti ya nyuma, ile ya wageni, akanipa na lanchi boksi: mguu wa kuku, juisi, yai na ndizi. Nimeishi miaka yote hii jirani na utalii, na ndiyo mara ya kwanza utalii kunipa ndizi. Kwenye geti la hifadhi, wakati Paskali yuko ndani na karatasi zake, nyani akaingia dirishani akaichukua. Hakukimbia hata kidogo, aliimenya palepale juu ya boneti akiniangalia.

Ukingoni mwa kreta kulikuwa na ukungu mzito. Watu hupanda ndege kutoka ng'ambo kuja kuliona lile shimo, mimi nililiona jeupe tupu kama uji. Njia nzima Paskali alinihoji kuhusu safari yangu. Nilipomweleza habari ya rais wa kwanza na maamuzi yake akacheka, akasema mimi nimefundisha watoto uongo, kwani uamuzi wa kwanza wa rais yeyote ni gari. "Kwanza gari, Mjomba. Taifa litakuja na mizigo." Nikamwambia angekuwa darasani kwangu angepata sifuri. Akasema alikuwa darasani kwangu, na sifuri aliipata.

Tulipoteremka upande wa pili ukungu ukabaki nyuma yetu, nyika ikafunguka, ng'ombe na pundamilia wakila majani pamoja bila mkutano wowote wa umoja wa kitaifa. Vumbi lilianza hapo, likatufuata hadi kwenye njia panda ya Soitsambu. Saa tisa alasiri Paskali akanishusha, akaahidi kunipitia kesho kutwa asubuhi. Saning'o alikuwa amesimama pembeni mwa barabara, amejifunga shuka jekundu, koti la suti juu yake, rungu mkononi. Akainamisha kichwa nimguse utosini, kama wanavyoamkia wazee, na mimi niliyewahi kumchapa nikaona haya kidogo.

Kufika kijijini nikakuta wanamwita Rais. Walianza kwa utani, kisha utani ukazoeleka. Siku ya kugawanywa wanaiita siku ya uhuru, na kijiji cha zamani, ambacho kiko upande wa pili wa korongo na kina ndugu zao wote, wanakiita kwa mkoloni. Mwanamke akitumwa chumvi kwa dada yake anaaga kwamba anakwenda kwa mkoloni mara moja. Saning'o akanitembeza kwenye makao makuu. Ofisi ni ya mabati, na imejengwa mahali pasipo na kivuli wala maji, tena mbali na kila mtu. Ilikuwa hivyo makusudi, kwa sababu koo mbili zilibishania mahali mpaka wakapima hatua kwa miguu, wakaiweka katikati kabisa, ambako hakuna anayetaka kwenda. Muhuri unakaa kwenye sanduku la bati lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja wa mwenyekiti, mwingine wa mtendaji. Nikafurahi kwelikweli. Makao makuu, mipaka, wataalamu, vyote vilikuwa kama nilivyovifundisha, nikaona kazi yangu itakuwa nyepesi.

Jioni, kabla ng'ombe hawajarudi, ndipo aliponieleza alichoniitia. Kijiji kilipoanza, kitu cha kwanza walichokubaliana kilikuwa alalili. Hayo ni malisho yanayofungwa kiangazi ili ndama na ng'ombe wagonjwa wapate kula peke yao. Anayeingiza kundi lake humo analipa maksai, maksai anachinjwa, wazee wanamla, basi. Wa kwanza kukosea alikuwa mama mjane aitwaye Nasieku. Alilipa, wakamla maksai wake. Wiki hii aliyekosea ni Koinet. Kundi lake zima lilishinda mle ndani, na yeye mwenyewe alikuwepo, amelala chini ya mti.

Huyo Koinet na Saning'o walitahiriwa asubuhi moja. Ni rika moja, na mtu wa rika lako akikuomba kitu humnyimi, hata kama ni kitu unachokipenda. Isitoshe, Koinet ndiye aliyezunguka boma kwa boma kumwombea kura. Kesho yake mchana ulikuwa mkutano wa kijiji. Akimtoza, amemuumiza mtu aliyemweka pale. Asipomtoza, Nasieku na ukoo wake wameshasema watavuka korongo kurudi kwa mkoloni, na kijiji kikipungua hivyo hakitabaki kijiji.

Nikajikohoza. Nikamwambia msimamo wa vitabu uko wazi, taifa likiwa changa kinachotangulia ni umoja, kwa hiyo amsamehe Koinet, afungue ukurasa mpya. Saning'o akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, halafu akauliza, "Na yule maksai wa Nasieku tuliyekwisha kumla, Mwalimu?" Nikaomba chai.

Asubuhi yake akaniambia amepata njia, tukaenda kwa Koinet. Ni mtu mrefu mwenye kicheko cha karibu, mara moja akanipa kigoda na chai ya maziwa matupu. Wakaongea Kimaasai, lugha ninayoisikia tangu enzi za kufundisha watoto wao, muda mrefu, wakakumbushana ujinga wao wa ujana, wakacheka mpaka wakapigana mabega. Kisha Saning'o akamwomba maksai. Hakutaja faini, alimwomba tu kama rafiki. Koinet akamtazama, nikaona ameelewa yote. Akaenda mwenyewe zizini akamtoa maksai mwekundu mwenye baka jeupe kifuani, ambaye hata mimi mkulima wa maharage niliona ndiye mzuri kuliko wote. Kuanzia hapo wakaacha kuitana majina. Kwao, mliopeana ng'ombe mnaitana kwa ng'ombe huyo, Pakiteng, maisha yote. Njiani Saning'o alitembea kama mtu aliyetua mzigo. Nikampongeza kwa akili, nikamwambia hilo litaingia kwenye majibu yangu.

Saa nane mchana watu walikaa juani kuzunguka ofisi yao isiyo na kivuli. Saning'o akasimama na yule maksai pembeni, akasema sheria inataka maksai na maksai ndiye huyu, ametoka kwa Koinet. Wazee wakaguna kwa kuridhika, wengine walianza kuangalia ng'ombe atachinjiwa wapi. Ndipo aliposimama Nasieku, mama mwembamba mwenye sauti ya chini.

"Mwenyekiti, huyo amelipwa au ameombwa?"

Saning'o hakusema uongo, hilo nampa. "Nimemwomba, yeyo," akasema, akimwita mama kwa Kimaasai.

"Basi hiyo ni zawadi ya rafiki yako. Maksai wangu hakuombwa. Alifuatwa na wanaume watatu mpaka langoni."

Akakaa. Nilitamani ardhi ipasuke, maana akili ile asubuhi niliisifu mimi. Saning'o akagusa shingo ya maksai. Halafu akasema kwamba mama amesema kweli. Huyu ng'ombe amepewa yeye, kwa hiyo ni wake, na anamlipa kama faini yake mwenyewe, kwa kosa la kumwogopa rafiki. Faini ya Koinet bado iko palepale.

Koinet akainuka polepole. Hakuwa anacheka tena. "Pakiteng," akasema, "leo asubuhi umeniomba nikakupa. Sasa naomba mimi, mbele ya watu wote. Nisamehe hiyo faini."

Hata mimi mgeni nilijua pale Saning'o amebanwa, kwa kuwa ombi la rika halikataliwi, tena la mtu aliyekupa ng'ombe siku hiyo hiyo. Nikayapitia majibu yangu yote ya mtihani, umoja, lugha, makao makuu, sikuona hata moja la kumrushia.

Saning'o akalaza rungu lake chini. "Omba kilicho changu, Pakiteng. Omba ng'ombe wangu wote, nitakupa leo. Faini si yangu, ni ya hawa. Waombe wenyewe."

Koinet akageuka kuwatazama watu. Wengi waliinamisha macho, lakini Nasieku hakuinamisha.

"Hapana," akasema.

Koinet akaondoka. Tukakaa juani kumsubiri, na mimi nikiwa na hakika kwamba amekwenda moja kwa moja kwa mkoloni. Akarudi akimswaga maksai mweusi, akamwacha mbele ya ofisi. Alipompita Saning'o alisema maneno mawili tu: "Nimelipa, mwenyekiti." Watu wakaangaliana, na mama mmoja nyuma yangu akashika mdomo. Alipaswa kusema Pakiteng. Jina la siku moja lilikuwa limekufa.

Jioni nyama ilikuwa nyingi, maksai wawili kwa mkupuo, na Nasieku alikatiwa ubavu. Mimi nilikula, nisiwadanganye. Saning'o hakula. Alikaa nami kando ya boma, ndipo nikamuuliza hizo alama mbili ni zipi. Akasema kwenye lile swali la rais wa kwanza aliandika majibu manne ya kwenye daftari, na la tano alilitoa kichwani mwake: marafiki wa huyo rais. Nikalipiga alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni, "Soma swali." Akanikumbusha hata jinsi nilivyolisoma jibu lake kwa sauti darasa likacheka. Mimi sikukumbuka kabisa, yeye alikuwa amelibeba miaka yote hiyo.

Kesho yake asubuhi Paskali alinipitia, nyuma ana wazungu wanne, mimi nikashushwa cheo hadi siti ya mbele, bila lanchi boksi. Ukingoni siku hiyo hapakuwa na ukungu. Kreta yote ilikuwa wazi, na ziwa lake, na nyati wadogo kama punje za ulezi, wageni wakasimama kupiga picha. Paskali akaniuliza mbona simshangilii Mungu. Nikamwambia namfikiria mtu anayechunga ng'ombe peke yake leo. Nilikuwa namfikiria Koinet, kisha nikaona hata Saning'o ni hivyo hivyo.

Nimefika Kansay, mbuzi wangu bado wako kwa jirani. Nilichojifunza nitakisema kwa aibu. Nimewaambia watoto kwa miaka mingi kwamba rais wa kwanza husumbuliwa na wakoloni waliomwachia hazina tupu, na makabila, na mipaka iliyochorwa ovyo, na kumbe hayo yote yanazungumzika. Linaloumiza ni siku ya kumtoza faini yule aliyekubeba begani. Jibu hilo liliandikwa na mtoto wa darasa la saba, na mimi nikalichekesha darasa.

Jana jioni nilimtumia ujumbe, nikauandika kwa makini kama ripoti ya shule: "Saning'o, nimesahihisha upya. Jibu lako la tano ni sahihi. Alama mbili umepata." Mama Yosefu akasema angalau safari imezaa kitu. Majibu yalikuja asubuhi hii nikiwa shambani, nimeyasoma nikaegemea jembe.

"Asante Mwalimu. Koinet bado haji kwangu. Ningefurahi zaidi kama lingebaki kosa."