Mawe Tuliyoyafinyanga Kirushya

Mwaka jana nilirudi kijijini kwetu Kirushya kwenye msiba wa shangazi, na siku ya pili nikashuka bondeni kunawa miguu kijitoni. Mawe yalikuwa vile vile: juu meupe, yamekauka, na chini ya mstari wa maji meusi tii. Nikacheka peke yangu. Wewe ukiyaona utayapita tu, ndugu yangu. Mimi nilifundishwa kuyatazama nikiwa darasa la sita, miaka ile ya wakimbizi.

Vilima vya ng'ambo vilikuwa vimejaa maturubai ya bluu, na moshi wa mafiga ulitanda kila asubuhi hadi kwenye migomba yetu. Bibi yangu, aliyenilea, hakuwapenda watu wa kambini. Walikuwa wamemkatia miti yake kwa kuni. Akipepeta maharage alikuwa akisema, "Mgeni wa siku moja hula chakula, mgeni wa mwaka hula mbegu." Bibi alimvumilia mmoja tu, mama mfinyanzi kutoka Rwanda aliyekuja kubadilisha vyungu kwa maharage. Vyungu vyake havikupasuka, basi.

Mwaka huo yakatangazwa maonyesho ya shule za wilaya. Mwalimu wetu wa jiografia, ambaye peke yake shuleni ndiye aliyewahi kupanda treni, akasema tutatengeneza reli ndogo juu ya ubao, yenye daraja na mto. Wavulana waliikimbilia treni, wakakata makopo ya mafuta ya kula kwa mabehewa na kunyoosha spoku za baiskeli kwa reli. Sisi wasichana wanne tukaachiwa mto.

Tulibeba mawe ya kweli, tukayapanga pande mbili, na katikati tukatandika kipande cha turubai la bluu. Ubao ukapinda, daraja likaanguka. Mwalimu akatazama, akatikisa kichwa. "Huu ni mtaro, si mto. Imebaki wiki moja. Mkishindwa, tutapaka rangi tu."

Jioni nilimenya ndizi huku nikilia. Mama mfinyanzi alikuwa uani na vyungu vyake. Akaniuliza kulikoni, kwa lugha yake, nami nikamwelewa kwa sababu Kihangaza chetu hakiko mbali nayo. Nilipomweleza, alicheka.

"Maji ya bluu umeyaona wapi, mwanangu? Twende."

Kesho yake akatupeleka sote wanne kijitoni, akatukalisha, akatukataza kugusa kitu. Tutazame tu. Baada ya muda mrefu akasema, "Mnaona? Mto haupangi mawe. Huyaacha pale yanapoushinda."

Tulianza upya. Tuliloweka mifuko ya karatasi ya saruji, tukaitwanga, tukaichanganya na udongo wa kichuguu na uji wa muhogo. Majani makavu ya mgomba tuliyafunga mafundo, tukayavika mchanganyiko ule, ili jiwe liwe jepesi. Kwa mwiba alituonyesha kuchora nyufa, zote zikielekea upande mmoja, kama zilivyo mwambani. Juu tulipaka majivu. Chini tulipaka utomvu wa mgomba kwa unyoya wa kuku, ukakauka mweusi, na jiwe likaonekana limelowa! Kando tukapachika kuvumwani, ule ukoga unaoota mwambani. Maji yakawa udongo wa kahawia uliofunikwa nailoni angavu, na palipogonga mwamba tukaweka unyuzi wa pamba uwe povu.

Bibi alipiga kelele alipoona kinu chake cha karanga kimejaa karatasi. Akasogea kutuonyesha jinsi mchi unavyoshikwa. Niliporudi na maji nilimkuta amepiga magoti kando ya mama mfinyanzi, mikono yote ina majivu, wanabishana kuhusu ukubwa wa jiwe moja.

Siku ya maonyesho afisa elimu aliipita treni, akainama mtoni. Akagonga jiwe kwa kifundo cha kidole. Likalia ko! kama kibuyu kitupu. Alishtuka hadi akavua miwani.

"Hili si jiwe? Nani amewafundisha?"

Mwalimu akatazama chini. Siku zile kumtaja mtu wa kambini mbele ya wakubwa ilikuwa kujitafutia maneno. Mimi nikasema, "Shikamoo mzee. Ni mama mkimbizi, mfinyanzi."

Ukumbi ukanong'ona. Kisha sauti ya bibi ikatoka nyuma, kubwa, "Na mimi nilitwanga!"

Watu wakacheka, afisa akapiga makofi, na shule yetu ikatangazwa ya kwanza. Sijawahi kutembea kifua mbele kama siku ile. Tulipompelekea mama mfinyanzi habari, aliuliza kitu kimoja tu, "Aligonga?" Tukamwambia aligonga. Alicheka mpaka akakaa chini.

Ubao ule uliliwa na mchwa wa stoo ya shule. Vilima vya kambi sasa ni nyasi na mikaratusi, na watoto wa leo hawajui kwamba vilibeba watu. Bibi naye hayupo. Ila siku wakimbizi walipoondoka kurudi kwao alisimama barabarani tangu asubuhi na kikapu cha ndizi mbivu, akitafuta uso mmoja katika ule umati. Alirudi jioni na kikapu kitupu.

"Umemwona, bibi?"

"Sikumwona," alisema. "Nimewapa waliopita."